Mwalimu Aliyekwenda Uholanzi

Kila nikienda kwetu Kesses lazima nikutane na mtu wa kunishukuru. Atanishika kwa mikono miwili, aniambie Mungu anibariki kwa vile nilivyompandisha Mwalimu ndege nikampeleka majuu angali na nguvu zake. Wengine huongeza kwamba watoto wa siku hizi hawana moyo huo. Mimi hujibu "amina" kisha natafuta sababu ya kuondoka haraka. Nimepokea shukrani hizo miaka sita sasa na sijastahili hata moja. Ndiyo sababu nimeamua kumwandika mzee huyu kama nilivyomjua, pamoja na yale niliyomfanyia.

Alikuwa baba yangu, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyemwita baba. Alinifundisha jiografia kidato cha kwanza hadi cha nne, na shuleni alitukataza, mimi na kaka zangu wawili, kumwita vinginevyo ila Mwalimu. Jina likatufuata nyumbani. Hata Mama, alipokuwa hai, alikuwa akisema, "Mwalimu, chai inapoa." Yeye naye aliniita "mama," kwa kuwa nimebeba jina la mamake, na kutokana na alivyolitamka neno hilo ndipo nilipojua kama nimekosa au nimefanya vizuri, maana sifa kwake zilikuwa haba. Ukimletea karatasi ya mtihani uliyopasi vizuri, aliigeuza pande zote mbili, akakurudishia na kusema, "Endelea."

Alipenda viatu. Alikuwa na jozi mbili tu, nyeusi na za kahawia, na kila jioni alizipiga rangi mwenyewe hata baada ya kustaafu, ilhali kesho yake angezivaa kwenda kumwangalia ng'ombe. Mtu aliyefunga lango la shule kengele ikilia, akawaacha nje watoto waliokuja mbio kutoka mbali, huyo huyo alichelewa kanisani kila Jumapili kwa sababu ya viatu. Mama alimngoja mlangoni na Biblia kwapani. "Watoto wa watu unawafungia geti," alimwambia, "lakini Mungu ndio anangoja mpaka umalize polish." Mwalimu aliinama akamalizia kisigino.

Tena hakujua kukubali kushindwa. Pale senta, nje ya duka la mbolea, wazee hucheza dama kwa vifuniko vya soda. Akiwa anashinda alikaa mpaka jua litue. Akishindwa mara moja tu, alisema jua linampiga machoni, akajinyanyua akaenda zake, na siku mbili tatu hakuonekana. Wenzake walimcheka sana. Kulikuwa na mzee mmoja, jirani yetu anayelima bondeni kama sisi, aliyezoea kumwuliza kabla hata hawajapanga vifuniko, "Mwalimu, leo jua iko upande gani, tukuwekee kiti poa?"

Lakini kuna jambo ambalo hakulifanyia mzaha. "Umeona ama umesikia?" Swali hilo lilituandama darasani na mezani. Ukisema kumetokea ajali barabara ya Eldoret: umeona ama umesikia? Ukisema fulani ameuza shamba: umeona ama umesikia? Kusikia hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kusimulia ulichosikia kana kwamba umekiona. Nikiwa na miaka kama tisa nilikuja mbio kutoka bwawani nikasema nimemwona chui akinywa maji. Hakunikaripia. Alivaa viatu vyake, akanishika mkono, tukarudi bwawani, akaniambia nimwonyeshe alama za miguu kwenye matope. Tulizunguka bwawa zima. Kulikuwa na kwato za ng'ombe na nyayo za watu, basi. "Sasa tumeona nini?" akauliza. Nikasema tumeona ng'ombe. Tukarudi nyumbani na hakulitaja tena jambo hilo, lakini kama angenichapa ningesahau mapema zaidi.

Sheria hiyo ilimfunga hata yeye. Miaka ile kila mwanafunzi wa jiografia alisoma kuhusu Uholanzi, jinsi watu wa huko walivyoitoa nchi chini ya bahari. Siku ya somo hilo Mwalimu aliingia darasani bila kitabu, akachora ramani nzima ubaoni kwa kichwa, kisha akatugeukia na kusema, "Mimi sijaona. Nimesoma." Darasa likacheka. Kisha akaanza. Alitueleza jinsi walivyojenga tuta refu kukata mkono wa bahari, yeye akiuita Zaida Zee, wakayapiga maji pampu mpaka sakafu ya bahari ikatokea, wakaiosha chumvi, wakapanda nyasi, halafu ngano. Nchi hiyo mpya waliiita polda. Ng'ombe wanalisha, alisema, pale samaki walipokuwa wakipita. Sauti yake ilibadilika akifika hapo. Alifundisha somo hilo zaidi ya miaka thelathini, na kila mara alianza kwa kukiri kwamba hajaona.

Alichokisoma alikijaribu. Sehemu ya chini ya shamba letu ilikuwa kinamasi ambacho hata mbuzi alikikwepa. Mwalimu alikiingia kwa sepetu, kila Jumamosi, akachimba mifereji na kuinua tuta upande wa mto. Majirani walipita wakimpigia kelele kwamba anapanda vyura. Mwaka wa tatu alivuna kabichi za kujaza pikapu, na wale wale wakaja kuuliza. Mpaka leo pale panaitwa Polda. Mwambie mtu wa boda boda akupeleke Polda, hatakuuliza mara mbili. Tatizo lilikuwa mvua za Aprili. Tuta lilizuia maji ya mto, lakini maji mengine yalitoka chini, kwenye udongo wenyewe, yakaozesha mizizi. Nilimkuta mara nyingi amesimama pale na gambuti zake, akiyaangalia. "Hawa Waholanzi hii maji ya chini wanaifanyia nini?" alikuwa akijiuliza. Kitabu hakikusema.

Jambo kubwa zaidi katika maisha yake, hata hivyo, lilikuwa mipaka ya mashamba. Sisi si wenyeji wa huku Uasin Gishu. Mwalimu alikuja kutoka upande wa ziwani akiwa kijana, akapewa kazi, akanunua kipande cha ardhi, akakaa. Katika nchi ambayo ardhi imewahi kutoa damu, mtu kama yeye hujifunza kunyamaza. Lakini ilitokea majirani wawili kugombania kigingi, na mmoja wao akasema, "Tuite Mwalimu, yeye hupita hapa kila siku akienda shule, na hawezi kusema kitu hakuona." Akaitwa. Akasema alichoona, kigingi kikarudishwa mahali pake, na aliyeshindwa hakununa. Tangu siku hiyo hakuna shamba lililogawanywa pale bila yeye kuitwa. Chifu alimwita, wazee walimwita, ndugu waliogombania urithi walimwita. Alikwenda na viatu vyake vya kahawia, akasikiliza pande zote, akatembea mpakani, akasema, na mambo yakaisha. Wakati wa zile fujo za baada ya uchaguzi, watu wetu walipokuwa wakihama na magodoro vichwani, ni wazee hao hao waliokuja wakakaa langoni kwetu siku nne mchana na usiku. Hakuna aliyetugusa.

Mimi nafanya kazi katika kampuni ya maua hapa Eldoret. Kazi yangu ni kuhakikisha maua yanafika kwa mnunuzi kama yalivyotoka shambani, na wanunuzi wengi wako Uholanzi. Kampuni iliponiambia niende kwenye mikutano ya wiki moja huko, mwezi wa kumi na moja, niliwaza moja kwa moja kuhusu Mwalimu. Mama alikuwa ameshafariki, mzee alikuwa peke yake. Nilimlipia nauli mimi mwenyewe na nilijisikia mtoto wa maana sana. Nilipomwambia, aliuliza kitu kimoja: "Tutafika kwa tuta?" Nikamwambia, "Tutafika, Mwalimu. Hiyo ndiyo ya kwanza."

Jumapili kabla ya safari kanisa lilitufanyia maombi. Watu walijaa mpaka nje. Pasta alipouliza kama kuna mwenye neno, yule jirani wa kucheza dama akasimama, kofia mkononi.

"Mwalimu," alisema, "wewe uende uangalie ile maji ya chini wanaifanyia nini. Usituletee sweta. Tuletee hiyo jibu."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akatoa daftari dogo mfukoni, akaandika swali hilo pale pale mbele ya kila mtu. Mimi nami nilipotoka nje wanawake wa chama chetu cha akiba walinizunguka na maagizo yao: viatu vya saizi hii, manukato ya aina ile, nguo za mtoto, begi la binti anayeingia chuo. Niliandika kwenye simu. Sikuona tofauti yoyote kati ya daftari lake na simu yangu.

Alijinunulia koti zito la kijani kwenye mitumba pale Eldoret. Muuzaji alikuwa mwanafunzi wake wa zamani na alitaka kumpa bure, wakabishana hadi watu wakasimama kutazama. Ndani ya ndege aliomba kiti cha dirishani, akapata, na hakulala hata kidogo.

Asubuhi ya kwanza kule tulipanda treni kwenda mjini. Mwalimu aliingia kwenye behewa akafanya alivyofanya maisha yake yote akiingia mahali penye watu: alisalimia. "Good morning, good morning," akipita kiti kwa kiti, akinyoosha mkono. "We are from Kenya." Mama mmoja mzee alimpa mkono akitabasamu. Wengine waliinua macho kutoka kwenye simu, wakayarudisha. Kijana mmoja akavuta begi lake karibu. Niliona haya. Nalisema wazi, niliona haya kwa ajili ya baba yangu. Nilimshika mkono wa koti nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huku watu hawasalimiani hivyo. Kaa tu." Akakaa. Akaweka mikono magotini, na wiki nzima iliyobaki sikumwona akimsalimia mtu tena.

Tulipanga kwenda kwenye tuta Jumatano. Jumatano mkutano ukarefuka. Nikasema Alhamisi, na Alhamisi mnunuzi mmoja akatukaribisha kwake sisi wa mkutano, nisingeweza kukataa. Ijumaa nilichoka. Mwalimu alibaki hotelini siku hizo zote. Hoteli ilikuwa karibu na uwanja wa ndege, jengo la kawaida lililozungukwa na barabara na maegesho. Nilimwambia asitoke. "Ukipotea mimi nitafanya nini?" nilimwuliza. Nilimwambia hivyo mtu aliyeweza kuichora nchi ile nzima akiwa amefumba macho. Akasema sawa.

Jumamosi ilikuwa siku yetu ya mwisho, na ilikuwa huru tangu asubuhi. Nilishuka saa mbili nikamkuta mapokezini amevaa suti, koti, kofia, viatu vyeusi vinang'aa, daftari na penseli mkononi. Mimi nilikuwa nimeamka na orodha ya chama. Sikuwa nimenunua hata kitu kimoja, na kesho yake tulikuwa tunaondoka. "Mwalimu, wacha nipite dukani mara moja," nikamwambia. "Saa nne niko hapa, tunaenda."

Nilirudi saa kumi na nusu. Duka moja lilinipeleka kwa lingine, saizi hazikupatikana, nikajikuta upande mwingine wa mji na mifuko saba. Nilimkumbuka, sitasema nilimsahau. Nilikuwa namkumbuka kila nikiangalia saa, na kila mara nilijiambia kwamba polda haiendi popote, na huyu ni baba yangu, ataelewa, lakini wale wa chama hawataelewa. Nikirudi mikono mitupu watanisema mwaka mzima. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na hata leo siwezi kulipamba wazo hilo.

Alikuwa kwenye kiti kile kile. Kofia ilikuwa imeshuka kutoka kichwani hadi gotini. Mwanamke wa mapokezi aliniambia alimletea chai mara mbili na mzee akamshukuru mara mbili, lakini hakutaka kwenda kula, alisema binti yake anakuja saa yoyote. Nje giza la kule lilikuwa limeshaanza kuingia. Mwalimu aliniangalia, akaangalia mifuko, akasimama.

"Ulipata za saizi yao?" aliuliza.

"Nilipata, Mwalimu. Pole sana. Muda ume..."

"Leta hiyo nzito nikubebee."

Akaibeba mpaka chumbani. Hakusema neno juu ya siku ile, wala usiku ule, wala ndani ya ndege, na mimi, kwa ujinga wangu, nilishukuru kwamba hakusema.

Jumapili ya wiki iliyofuata tulikuwa kanisani kwa ibada ya shukrani. Walikuwa wametuwekea viti viwili mbele, vimefunikwa vitambaa. Wanawake wa chama walikuwa wamevaa vitu walivyoagiza. Pasta alimkaribisha Mwalimu atoe ripoti. Alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti la kijani, na kabla hajafungua mdomo jirani yetu akapaza sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, hiyo maji ya chini! Umeona?"

Kanisa likacheka. Mwalimu akaniangalia mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti chenye kitambaa, na nilijua anachokiona usoni kwangu, kwa sababu nilikuwa nimeganda kwa hofu. Nilimwomba kwa macho. Sijui hata nilikuwa namwomba nini.

"Nimeona," alisema.

Akawaeleza. Alisema alisimama juu ya tuta, maji ya bahari upande huu na ngano upande ule, upepo ukimpokonya kofia. Alisema ng'ombe wa kule wana madoa meupe na meusi. Alisema maji ya chini Waholanzi hawayazuii, wanayaacha yaingie mferejini kisha wanayapiga pampu mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi, hawapumziki, kwa maana siku wakipumzika bahari inarudi kwake. Jirani yetu alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Yote hayo Mwalimu aliyatoa kitabuni na katika akili yake, na kwa jinsi alivyoyapanga, mtu angeapa alikuwa huko. Mwishoni alisema kulikuwa na mzee mmoja wa kule aliyepita na baiskeli, akasimama, akamsalimia kwa mkono, wakaongea kidogo kuhusu mvua. Hapo ndipo nilipoinamisha kichwa. Katika nchi nzima aliyoitunga pale mbele, alijitungia pia mtu wa kumsalimia.

Baada ya hapo alibadilika, ila kidogo kidogo kiasi kwamba aliyekuwa na shughuli zake, kama mimi, hakuona. Wajukuu walimletea habari za ajabu akazisikiliza tu, hakuwauliza kama wameona ama wamesikia. Nilisikia kwamba siku hizi akishindwa dama anabaki palepale kwenye kiti. Na mipaka aliiacha. Chifu alimtumia mtu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akaja mwenyewe. Mwalimu alimwambia miguu imekwisha, watafute mwingine. Nilimnunulia dawa ya kuchua.

Miaka mitatu ikapita ndipo kampuni iliponituma Uholanzi tena, peke yangu. Mnunuzi mmoja alinichukua uwanja wa ndege kwa gari lake, na nilipotaja kwamba baba yangu alifundisha habari za polda, akacheka. Akaniambia hapa tulipo ni polda. Palikuwa na ziwa kubwa, lenye mawimbi ya kuzamisha meli, likakaushwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Uwanja wa ndege uko kwenye sakafu ya ziwa hilo, chini ya usawa wa bahari. Nikamwuliza kuhusu ile hoteli yetu. "Hata hiyo," akasema. "Yote haya."

Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Nilihesabu siku za kurudi. Niliona nimepata kitu cha kumfutia Mwalimu uongo wake, na kunifutia mimi kosa langu. Jumamosi niliyofika sikupitia hata nyumbani kwangu mjini, nilikwenda moja kwa moja Kesses. Nilimkuta uani, ungo wa mbegu za maharagwe magotini, anachagua zilizotobolewa na wadudu.

"Mwalimu, nimekuletea kitu."

"Sweta?"

"Hapana. Ile hoteli tulikaa, unajua iko wapi?"

"Karibu na airport."

"Iko ndani ya polda. Airport yenyewe iko ndani ya polda. Ilikuwa ziwa, wakatoa maji kitambo. Ile siku yote ulikuwa umekaa chini ya bahari, Mwalimu. Kwa hivyo ulisema ukweli. Uliona."

Vidole vyake vikasimama juu ya maharagwe. Kwa muda mfupi nilimwona yule wa darasani. Aliuliza ziwa gani, lilikuwa na kina gani, walitumia pampu za upepo ama za mvuke, na nilimjibu nilivyoweza. Kisha nuru ikamtoka usoni.

"Na mimi nilijua?" aliuliza.

"Hukujua. Hata mimi sikujua."

"Basi sikuona. Niliona carpet na watu wakipita na mabegi." Akatupa mbegu moja mbovu. "Ile siku kanisani nilijua kile nafanya, mama. Nilisema nimesimama kwa tuta upepo ikachukua kofia. Hiyo tuta iko wapi kwa hiyo hoteli?"

Nikaiokota ile mbegu aliyoitupa.

"Unafikiri niliacha mambo ya mipaka juu ya miguu?"

"Wewe ulisema ni miguu."

"Miguu iko sawa. Jana nimeenda senta nikarudi." Alisukuma ungo kando. "Hawa watu walikuwa wananiita kwa sababu moja. Mimi si wa kwao, sina ukoo hapa, sina kitu wanaogopa. Nilikuwa na hii mdomo peke yake. Sasa nitasimama aje kwa shamba ya mtu niseme kigingi niliona kikiwa hapa, na najua nilisimama mbele ya madhabahu nikasema nimeona?"

Nililia. Sikulia kwa ajili ya tuta. Niliona kwa mara ya kwanza nilichomnyang'anya, kitu alichokijenga peke yake katika nchi ya watu kwa miaka arobaini, kitu kilichowaweka wazee langoni kwetu siku nne.

"Kesho ni Jumapili," nilisema. "Nitasimama niwaambie. Ni mimi nilikuacha pale."

"Huwezi."

"Kwa nini? Ni ukweli."

"Ni ukweli. Na watajua mtoto wangu alinipeleka mbali hivyo akaniacha kwa kiti, akaenda kuwatafutia wao viatu. Wengine wao hizo viatu bado wanavaa." Hakusema kwa hasira. "Hawa watu wanakupenda, mama. Mimi nikienda, ni wao utabaki nao. Usiende kanisani kusema kitu."

"Ungewaambia tu hatukufika. Kwamba hakukuwa na wakati."

"Wangeuliza kwa nini. Na ulikuwa umekaa pale mbele na ile nguo yako nzuri."

Nikamwomba msamaha, nimepiga magoti kwenye udongo kama mtoto. Akaniambia alinisamehe siku ile ile, nikiwa bado natafuta mahali pa kuweka mifuko. Nikamwambia basi twende tena, mwaka huu huu, nitachukua likizo, sitakuwa na mkutano hata mmoja, siku ya kwanza asubuhi tutakuwa juu ya tuta. Alipangusa vumbi mikononi, akatazama upande wa Polda. Nilidhani anakubali.

"Nikienda saa hii nitaona ile yenyewe," alisema. "Na hawa nimeshawapa ile ingine. Nikirudi nitawaambia nini?"

Akavuta ungo, akaendelea kuchagua. Nilikaa naye mpaka maharagwe yakaisha, tukiongea kuhusu bei ya mbolea.

Kifua kilimchukua mwaka uliofuata, baada ya wiki mbili tu za kuugua. Alinikataza kusema kanisani na sijasema. Kuandika hakunikataza. Tulimzika pale pale Kesses, upande wa juu wa shamba, mahali pakavu, na wenyeji ndio waliochimba kaburi. Kaka yangu mkubwa aliandika wasifu wake. Kwenye ukurasa wa pili aliandika kwamba Mwalimu alisafiri hadi Uholanzi pamoja na bintiye, akajionea kwa macho yake mwenyewe ardhi iliyotolewa baharini. Familia ikasema niusome mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa naye. Nilipofika kwenye mstari huo sauti ilikatika. Watu wakadhani ni uchungu wa msiba, wakaniimbia ubeti mzima ili nitulie. Walipomaliza, nikausoma kama ulivyoandikwa.